Vifaa vya kwanza vya fundi wa ngozi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kibanda changu kiko Walukuba, Jinja, mtaa ambao watu walihamia kutoka kila upande kufanya kazi viwandani na mwishowe wakakutana kwenye Kiswahili. Mpita njia anaona mikanda imening'inia mlangoni, anasimama, anauliza. Wengi wanataka kujua jambo moja: nianze na vifaa gani? Majibu haya ndiyo ninayoyatoa nikiwa nashona, na nimeyaacha vilevile. Bei sitaandika, maana hubadilika kabla wino haujakauka. Pale itakapobidi nitapima kwa rolex, ile chapati yetu ya kukunjia mayai, ambayo kila mtu Uganda anajua bei yake ya leo.

Nina hela kidogo sana. Ninunue nini kwanza?

Kisu, rula ya chuma, msharasi, sindano mbili za ncha butu, uzi wa nta, bikari, na kitu cha kunolea. Basi. Kwa hivyo saba unatengeneza mkanda, pochi, ala ya kisu, kishikio cha funguo, hata mkoba mdogo.

Rula iwe ya chuma kweli. Ya plastiki kisu kitaipanda na kuila, na siku hiyo utakuwa umekata rula, ngozi na pengine kidole kwa mpigo mmoja. Bikari usiinunue kama una mtoto wa shule nyumbani: fungua kile kiboksi chake cha hesabu, toa penseli kwenye bikari, weka msumari mwembamba uliochongwa. Umepata chombo cha kuchora mstari wa mshono sambamba na ukingo wa ngozi. Mguu mmoja unatembea nje ya ukingo, mwingine unakwaruza juu. Mrudishie mtoto kabla ya mtihani.

Msharasi ni kitu gani hasa?

Ni chuma chembamba chenye ncha kali, kimetiwa mpini wa mti, cha kutoboa ngozi ili sindano ipite. Waganda wanakiita olukato, na akina mama wasuka vikapu wanacho pia. Fundi viatu wa chini ya mti ana wa kwake wenye kijino cha ndoano karibu na ncha: anatoboa, anaunasa uzi kwa upande wa pili, anauvuta. Huo wa ndoano ni wa viatu, na unashona haraka. Wewe kwa kuanzia tafuta usio na ndoano, ambao ukiutazama kwa mbele ncha yake ina pembe nne kama almasi. Tundu la namna hiyo ni mpasuko mdogo, si duara, kwa hiyo linafumba kuuzunguka uzi.

Kama dukani haupo, tengeneza. Spoki ya baiskeli, kipande cha inchi tatu, kijiwe cha kunolea na mpini wa mti mgumu. Wangu wa kwanza ulikuwa wa spoki na bado uko kwenye kopo pale. Sasa nautumia kuweka alama tu, lakini kuutupa siwezi.

Kisu gani? Kuna wanaosema lazima kile cha mviringo kama mwezi.

Kile cha mwezi ni kizuri na kina historia ndefu, ila kwa mtu anayeanza ni kama kumpa pikipiki kubwa mtu ambaye hajawahi kupanda baiskeli. Kina makali pande zote, hujui uweke wapi kidole. Anza na kile kisu cha karatasi chenye wembe wa kuvunja vipande. Chukua kipana, chenye wembe wa milimita 18. Kile chembamba cha milimita 9 kinapinda ukikigandamiza kwenye ngozi nene, na wembe ukipinda mstari unapinda nao. Hakigharimu zaidi ya rolex mbili tatu, na makali yakiisha unavunja kipande unaendelea.

Ukishakata kwa miezi michache, nenda kwa mafundi vyuma. Kampala ni Katwe, na hapa Jinja wapo karibu na kila gereji. Waombe kipande cha msumeno wa mashine wa kukatia vyuma, ule mpana unaotupwa meno yakiisha. Chuma chake ni kigumu ajabu na kinashika makali muda mrefu. Mwambie fundi akikate kwa pembe, upana wa vidole viwili, akisage upande mmoja tu, na awe anakichovya majini kila baada ya mara chache. Simama hapo uangalie. Akitumia chuma cha kawaida badala ya hicho, ukiona ukingo unageuka rangi ya buluu, tayari ameuchoma na ugumu umeondoka. Usipewe hicho. Zungushia mpini kamba au kipande cha ngozi, una kisu cha kukata na cha kupunguza unene kwa pamoja.

Nimeona mtandaoni seti ya vipande sitini kwa bei nzuri. Niagize?

Hapana.

Nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe niliagiza. Nilikuwa mgeni wa kazi, nikaona picha: vyuma vinang'aa, vimepangwa kwenye mfuko, moyo ukaenda. Nikasubiri wiki nyingi. Ilipofika nilihesabu: vyuma vya kugongea maua na magamba ya samaki zaidi ya ishirini, vidole vya plastiki vya kuvaa, vijipande vya sandpepa, rangi za uzi ambazo hakuna mteja aliyewahi kuniomba. Msharasi ulikuwa mnene kama msumari wa paa. Kisu kilipinda siku ya kwanza. Patasi ya meno, ile ya kugongea matundu ya mshono, ilikuwa na meno manne, moja fupi kuliko wenzake, kwa hiyo kila baada ya matundu matatu kulikuwa na tundu lisilofika upande wa pili. Katika vipande vyote hivyo nilibaki natumia vitatu.

Kwa hela ile ningepata kisu kizuri kimoja, jiwe la kunolea, na ngozi ya kuharibu nikijifunza. Ngozi ya kuharibu wengi husahau kuiweka kwenye bajeti.

Kunoa ni muhimu kiasi hicho?

Ukija kwangu kama mwanafunzi, wiki ya kwanza hutagusa ngozi ya maana. Utanoa. Vijana hununa. Kijana mmoja aliniambia, "Mzee, nimekuja kujifunza mikoba, si mambo ya bucha." Nikampa kisu chake alichokuja nacho na kipande cha ngozi ya milimita tatu. Akakata. Kisu kikalia krrr, ngozi ikasogea, ukingo ukatoka na manyoyamanyoya. Nikampa changu. Kisu kikali hakisemi kitu. Kinapita kama unafungua zipu. Hakununa tena.

Njia ninayotumia ni hii. Jiwe liwe na pande mbili, upande wa kati na upande laini. La namba 1000 linatosha kwa kazi ya kila siku. Liloweshe. Laza ule upande wa kisu uliosagwa hadi uguse jiwe wote, si ncha peke yake, kisha usukume na kuvuta bila kubadilisha pembe. Kubadilisha pembe ndilo kosa la kila mtu: mkono unachoka, kisu kinainuka, makali yanakuwa duara. Baada ya dakika chache pitisha kidole kwa upole upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe usipitishe kando ya makali. Ukisikia kitu kinakwaruza, ni kijiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja. Ndicho ulichokuwa unakitafuta, maana kinakwambia jiwe limefika mwisho wa makali. Geuza kisu, kilaze bapa, ondoa kijiukingo hicho kwa mipigo michache isiyo na nguvu.

Kisha mkanda wa kunolea. Gundisha kipande cha ngozi juu ya ubao, upande wa nyama ukitazama juu, ukipake dawa ya kung'arishia vyuma, ile ngumu ya kijani ikipatikana. Vuta kisu kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia. Ukikisukuma mbele utakata mkanda wako. Mipigo ishirini kila upande. Tangu nianze kufanya hivyo kila asubuhi kabla ya chai, jiwe lenyewe naligusa mara moja kwa wiki mbili au tatu.

Jambo moja zaidi. Vidole vyangu vimekatwa mara nyingi na kisu butu kuliko kikali. Butu unakisukuma kwa nguvu, na nguvu ikiteleza hujui itaishia wapi.

Msharasi au patasi ya meno?

Patasi ya meno ni ile yenye meno kama uma: unaigonga kwa nyundo, inatoboa matundu kadhaa kwa umbali uleule. Inaharakisha kazi na inakupa mshono ulionyooka hata mkono wako ukiwa bado mchanga. Kama una hela, nunua mbili zenye umbali wa milimita 4 kati ya meno: moja ya meno manne au sita kwa mistari mirefu, nyingine ya meno mawili kwa kona. Siri yake ni kuweka jino la kwanza ndani ya tundu la mwisho ulilotoboa, ndipo ugonge. Hivyo umbali hauharibiki.

Kama hela hakuna, chukua uma wa kulia chakula, chonga meno yake kwa tupa yawe makali kiasi, uyakandamize juu ya mstari ili yaache alama. Halafu toboa kila alama kwa msharasi, ukiushika wima. Inachosha, lakini nimeshona hivyo mwaka mzima na mikanda ile bado iko viunoni mwa watu.

Nyundo ya kawaida inafaa?

Ya chuma itakuharibia patasi: inavimbisha kichwa chake na inaruka. Tumia ya mti mgumu. Mafundi mbao watakuchongea ya mvule au ya mti mwingine mzito kwa bei ndogo, wakipenda kwa mabaki. Mtu mmoja aliniletea ensaamu, ile nyundo ya kugongea magome ya mti wa mutuba hadi yawe lubugo, nguo ya magome. Nzuri mno, ila ina mifereji, kwa hiyo patasi inateleza. Nikamwambia aitundike ukutani.

Nakatia na kugongea juu ya nini?

Kukatia: ubao wa plastiki wa jikoni, ule mweupe mnene. Usikatie juu ya kioo wala vigae, makali yanakufa papo hapo. Kugongea: weka chini kitu kizito kisichoruka, kwa mfano kipande cha marumaru kilichobaki kwa wanaojenga makaburi au meza za jikoni, kisha juu yake ubao wa plastiki. Ukigongea juu ya meza nyepesi, nguvu yako yote inaishia kwenye miguu ya meza, na majirani wanalalamika.

Sindano na uzi gani?

Sindano za ncha butu. Watu hushangaa, lakini tundu lishatobolewa, sindano kazi yake ni kupita tu. Yenye ncha kali inachoma uzi uliokwisha kupita, na uzi uliochomwa utakatika baadaye, mkoba ukiwa kwa mteja. Ukikosa butu, sugua ncha ya sindano ya kawaida kwenye jiwe.

Uzi: polista iliyotiwa nta, unene wa milimita 0.8 kwa mikoba na pochi, 1.0 kwa mikanda. Uzi wa pamba wa kushonea nguo usiujaribu. Ukipata uzi mzuri usio na nta, nunua bonge la nta ya nyuki kwa wauza asali, uuvute uzi juu yake mara tatu nne. Nta inafanya uzi ushike tundu na usinywe maji upesi.

Kwa nini sindano mbili? Cherehani haitoshi?

Cherehani ina nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinazokumbatiana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mwenzake hana cha kushika, na mshono unaanza kufunguka. Mshono wa mkono ni uzi mmoja wenye sindano kila mwisho, na sindano zote mbili zinapita kila tundu kutoka pande tofauti. Ukikatika mahali pamoja, upande wa pili bado umeshika.

Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono. Pitisha sindano moja tundu la kwanza, sawazisha urefu pande zote. Tundu la pili: sindano ya kushoto ipite kwanza, uvute kidogo, kisha ya kulia ipite tundu lilelile, ikipita upande uleule wa uzi uliotangulia kila mara. Vuta pande zote mbili kwa nguvu sawa. Hiyo "kila mara" ndiyo inayofanya mshono ulale kama mistari ya mvua, yote ikiinama upande mmoja. Ukibadilisha utaratibu hata mara moja, jicho la mteja litaona, hata kama hajui anachokiona. Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu mawili au matatu, kata, choma ncha kwa kiberiti kama uzi ni polista.

Cherehani za mafundi viatu, zile Singer za zamani zenye mkono mrefu, ninaziheshimu sana na ukishapata oda nyingi utaihitaji. Lakini cherehani ya nguo ya nyumbani usiitie ngozi nene. Utavunja sindano, kisha utavuruga mpangilio wake wa ndani, kisha mwenye cherehani atakuja.

Mikono yote ina sindano. Kazi naishika na nini?

Magoti, mwanzoni. Baadaye tengeneza kibanio cha mbao: vipande viwili virefu vilivyounganishwa chini, vikabanwa katikati kwa boliti, midomo yake ya juu ikavishwa mabaki ya ngozi ili isichubue kazi. Unakikalia sehemu ya chini, mdomo unakuja usawa wa kifua. Fundi mbao yeyote atakufanyia kwa asubuhi moja ukimchorea. Mgongo wako utashukuru.

Ngozi nipate wapi, na nitajuaje ni nzuri?

Hapa mtu anaweza kuwa na vifaa vya mfalme na bado akatoa kazi mbovu.

Jinja ina viwanda vya ngozi, na wengi hudhani ukikaa karibu na kiwanda huna shida. Sehemu kubwa ya ngozi ya Uganda huishia hatua ya ngozi ya buluu: imeshatiwa kromu, dawa ya kiwandani ya kuzuia ngozi isioze, bado ina unyevu, haijapakwa rangi wala kulainishwa, inasafirishwa nje. Iliyokamilika, ya kumfaa fundi mdogo, inabidi uulizie: mabaki ya kiwandani, wauzaji wa vifaa vya viatu Kampala, au watu wanaovuka Busia kutoka Kenya. Mafundi wengi wa huku wamewahi kupanda basi la usiku hadi Nairobi, soko la Kariokor, wakarudi na roli ya ngozi magotini. Kwa anayeanza, omba mabaki kwa kilo. Mabaki yanakufundisha bila kukufilisi.

Jua kwanza tofauti ya mbili hizi. Ngozi ya kromu ni laini, inavumilia maji, ukiikata katikati mara nyingi utaona rangi ya buluu au kijivu. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama muwati, ni ngumu kiasi, kahawia au rangi ya mwili, ukidondoshea tone la maji inalinywa na kugeuka nyeusi kidogo. Ikiwa na unyevu, ukucha unaacha alama. Ya magome ndiyo ya mikanda, ala, na chochote unachotaka kuking'arisha ukingo. Ya kromu ni ya mikoba laini na viatu. Kuna wanaopima kwa kuchoma. Usifanye hivyo, moshi wa ngozi ya kromu si wa kuvuta.

Sasa ikague. Ilaze kwenye mwanga, upande wa manyoya juu. Ng'ombe wetu wanaishi maisha magumu: wamepita miibani, wamenyonywa na kupe, wamechomwa chapa pajani. Kupe anaacha vidoto kama vya ndui. Chapa inaacha kovu lisiloshika rangi. Geuza upande wa nyama, tafuta mikato ya kisu cha mchinjaji. Huko ndiko msiba ulipo, maana mkato haupo juu, unakata mkanda, unauvaa wiki, unachanika hapohapo. Mimi huikunja ngozi kidole kwa kidole nikiifuata kama ninapapasa mgongo wa mtoto mgonjwa. Muuzaji huguna. Mwache agune.

Mgongoni ndipo penye nguvu, tumboni ngozi inanyumbuka kama mpira, shingoni ina mikunjo. Mkanda ukatwe mgongoni, ukifuata uti. Ukikata wa tumboni, mteja atarudi baada ya mwezi akitaka matundu mawili zaidi, na si kwa sababu amekonda.

Ngozi ya mbuzi ni hadithi nyingine. Mbuzi wa Mubende wana sifa ya ngozi nzuri tangu zamani: nyembamba, imara, yenye chembe zinazoonekana. Nzuri kwa ndani ya pochi na kwa bitana. Inauzwa kwa futi za mraba, na mbuzi mmoja mara nyingi hutoa futi nne hadi sita. Angalia nyuma, kipimo huwa kimeandikwa. Kama hakijaandikwa, pima mwenyewe mbele ya muuzaji.

Unene gani kwa kazi gani?

Mkanda milimita 3.5 hadi 4. Mkoba 2 hadi 2.5. Pochi 1 hadi 1.2 kwa kila tabaka. Kumbuka mahali tabaka nne zinapokutana, utakuwa unashona milimita nne hadi karibu tano. Kwa upana, mkanda wa jinzi milimita 38, wa suruali ya ofisini 30 hadi 35. Pima kwanza vitanzi vya suruali, usiniamini mimi.

Kingo za kazi yangu zinaonekana chafu. Nakosea wapi?

Pengine ni kisu butu, rudi juu. Kama kisu ni kikali: ngozi ya magome, punguza kona zote mbili, piga msasa namba 240, kisha 400, kisha 600. Lowesha ukingo kwa kitambaa chenye maji kidogo. Sugua kwa kijiti laini cha mti mgumu chenye mfereji, au mfupa, au hata mpini wa mswaki, haraka, hadi joto lipande na ukingo ung'ae kama kokwa. Malizia kwa nta ya nyuki na kitambaa kikavu. Ngozi ya kromu haing'ari hivyo hata usugue hadi magharibi. Ikunje ukingo ndani au ipake rangi ya kingo.

Gundi ipi?

Ile ya njano ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, nyembamba, ngoja dakika kumi hadi kumi na tano, ukigusa isishike kidole, ndipo ubandike na ugonge. Wengi hubandika ikiwa bado mbichi, halafu wanailaumu. Fungua madirisha. Kopo lifungwe na lifichwe: hiyo ndiyo gundi wanayonusa watoto wa mitaani, na inaumiza ubongo. Mimi siliachi kopo mkononi mwa mtoto, hata wangu.

Natumia mkono wa kushoto. Kuna tatizo?

Kisu kilichosagwa upande mmoja kisagwe upande wa pili, mwambie fundi mapema. Na mafundisho ya kushona yageuze: pale niliposema kushoto kwanza, wewe ni kulia. Basi.

Mikanda yangu imeota ukungu kabatini. Ngozi mbovu?

Si lazima. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi karibu na Krismasi, hewa ya huku inakamulika. Ukifunga ngozi kwenye mfuko wa plastiki umeitengenezea ukungu shamba. Itundike, au iweke kwenye mfuko wa kitambaa. Ukungu ukishatokea, futa nje ya nyumba kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, ikauke kivulini penye upepo. Juani inakakamaa na kupasuka.

Na tafadhali usiipake samli. Wazee wa ng'ombe walilainisha ngozi kwa samli na ilifanya kazi, kwa sababu walikuwa wakizitumia na kuzipaka tena kila mara. Mkoba wa mteja ulioko kabatini utachacha na kunuka. Mafuta maalumu ya ngozi, au nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, vyote kwa uchache.

Nimepata ngozi ya mamba kwa rafiki. Niitengenezee pochi?

Bila karatasi za Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, usiiguse. Chatu hali kadhalika. Hata kama rafiki anasema mnyama alikufa mwenyewe.

Kazi ya kwanza iwe nini?

Si mkoba. Kila mtu anataka mkoba. Shona ala ya kisu chako mwenyewe. Vipande viwili vya ngozi ya magome, milimita tatu, na ukanda mwembamba wa tatu katikati, kando ya makali, ili kisu kikiingia kiguse ngozi hiyo na si uzi. Chora kisu juu ya karatasi, ongeza kidole kimoja upande wa makali, kata, gundisha, toboa, shona, sugua kingo. Ndani ya kitu hicho kidogo kuna kila nilichoandika hapo juu, na kikiharibika hakuna mteja wa kukudai.

Cha kwanza changu kilitoka kimepinda, na mshono wa mwisho nilisahau kurudi nyuma, ukafunguka. Nikaurudia kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha. Ukija Walukuba utakiona kiunoni mwangu. Uzi mwekundu sasa umekuwa wa udongo, na kisu ni cha nne kuingia humo.